Haki ya Mbwa wa Manyoya Mengi Nyumbani

Mbwa wa manyoya mengi anapoingizwa nyumbani huja na maswali mawili. La kwanza linamhusu mwenye nyumba: je, inafaa kumfuga, na manyoya yake yana athari gani kwenye swala, mikeka na vyombo? La pili linamhusu mbwa: ana haki gani juu ya mtu aliyemchagua? Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako Waislamu wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, swali la kwanza huulizwa mara kwa mara, la pili halisikiki sana. Lakini vitabu vya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, vinavyosomeshwa huko huko vimeyajibu yote mawili, na jibu la pili ni zito kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mbwa wa manyoya mengi uzito huo unaongezeka, kwa sababu manyoya yake ni kazi ya binadamu.

Manyoya hayo ni ya namna mbili kuu. Wapo mbwa wenye matabaka mawili: la nje ni refu na gumu kidogo, la ndani ni fupi, laini na limesongamana, nalo hunasa hewa na kuizuia baridi isiifikie ngozi. Samoyed ni wa kundi hili. Alilelewa na Wanenet wa kaskazini mwa Siberia, wafugaji wa wanyama wa jamii ya kulungu kwenye nchi ya theluji, na usiku mbwa hao walilala hemani pamoja na familia wakipashana joto. Japanese Spitz, mbwa mweupe anayefahamika vizuri mjini Nairobi, alionyeshwa Tokyo mwaka 1921. Baadaye alichanganywa na mbwa weupe wa jamii ya spitz kutoka nchi nyingine kadhaa hadi sifa zake rasmi zilipowekwa mwaka 1948. Kundi la pili ni la akina Poodle, Maltese na Shih Tzu, ambao manyoya yao hayapukutiki kwa wingi. Yanarefuka mfululizo, na yasipokatwa hufunika macho. Mwaka 2009 watafiti wa jenetiki walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya kati ya mbwa wa koo rasmi inatokana na jeni tatu tu. Watu walipokuwa wakichagua dume gani limpande jike gani, kizazi baada ya kizazi, walikuwa wakizigeuza jeni hizo bila kuzijua, mpaka akapatikana mnyama asiyeweza kuishi vizuri bila mkasi na kitana cha mtu.

Historia ya Pomeranian inaonyesha jinsi mabadiliko hayo yanavyoweza kwenda haraka. Mababu zake walikuwa spitz wa Ulaya wenye uzito mkubwa. Malkia Victoria wa Uingereza alipowapenda wale wadogo aliowaona Italia mwaka 1888 na kuwafuga, wazalishaji walifuata mapenzi yake, na katika muda wa uhai wa mtu mmoja umbo la mbwa huyo likapungua kama nusu. Leo Pomeranian ana kilo mbili au tatu, na pamoja na udogo huo amerithi koo la hewa linalolegea, magoti yanayoteguka na, kwa baadhi yao, maradhi ya kupoteza manyoya yaleyale aliyopendewa.

Ili kujua mtu anadaiwa nini na mnyama wa namna hii, ni vizuri kuanza na fikihi, kwa kuwa ndiyo sheria inayoishi majumbani mwa wasomaji wengi wa Kiswahili. Madhehebu hayakubaliani kuhusu mwili wa mbwa. Kwa Shafi na Hanbali, mbwa mzima ni najisi: mate, jasho, ngozi na manyoya. Kwa Hanafi, mate ndiyo najisi, manyoya ni safi. Kwa Maliki, mbwa aliye hai ni tohara, na amri ya kuosha mara saba chombo alichokilamba ni ibada inayotekelezwa kwa sababu imeamriwa. Msingi wa amri hiyo ni hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim, na katika baadhi ya riwaya osho moja kati ya hayo saba huwa kwa udongo. Tofauti hizi zina matokeo ya kila siku kwa mwenye mbwa wa manyoya mengi. Kwa Mshafi, unyoya uliopukutika kwenye mkeka wa kuswalia ni najisi inayopaswa kuondolewa, na mbwa aliyelowa mvua akijipangusa kwenye kanzu, kanzu hiyo inahitaji kuoshwa. Wakiwa wakavu wote wawili, najisi haihami. Spitz anayepukutisha manyoya meupe chumba kizima ana maana tofauti kabisa katika nyumba ya Mshafi wa Lamu na katika nyumba ya Mmaliki wa Moroko.

Kufuga nako kuna hukumu yake. Hadithi sahihi zinasema kwamba anayefuga mbwa pasipo sababu ya kuwinda, kuchunga mifugo au kulinda shamba hupungukiwa kila siku na kirati moja, yaani kiasi fulani cha thawabu, na riwaya nyingine zinataja kirati mbili. Hadithi nyingine inasema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Wanazuoni wamezisoma kwa njia mbalimbali. Al-Khattabi aliona kwamba mbwa anayezuia malaika ni yule asiyeruhusiwa kufugwa. Nawawi, mwanazuoni wa Kishafi, aliona maneno hayo ni ya jumla. Ibn Abd al-Barr, mwanazuoni mkubwa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1071, alisema kupungukiwa thawabu ni dalili ya jambo kuchukiza, kwa kuwa jambo la haramu huelezwa kwa lugha ya makatazo na adhabu. Kuhusu kulinda nyumba, jambo ambalo hadithi hazikulitaja kwa jina, Nawawi mwenyewe alichagua kauli inayoruhusu, kwa kulipima na yale matatu yaliyotajwa.

Ruhusa hiyo ya ulinzi inatumiwa sana mijini, na mara nyingine inatumiwa vibaya. Spitz mdogo hubweka mgeni anapokaribia geti, kwa hiyo ni kweli anaweza kuwa mlinzi. Lakini mbwa aliyenunuliwa kwa sababu ya weupe wake na kupigwa picha kila siku sebuleni hageuki mlinzi kwa kuitwa mlinzi. Mwenye kutafuta ruhusa ya sheria anapaswa kuitafuta kwa nia ya kweli. Na akishampa mbwa kazi, kazi hiyo nayo ina masharti: mlinzi lazima awe na kivuli, maji na nafasi ya kutembea. Mbwa anayefungiwa katika kibanda cha bati mchana kutwa hadi usiku ameadhibiwa bila kosa.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo wengi hawalifahamu. Madhehebu ya Shafi, yaliyo makali kuhusu unajisi wa mbwa, yanasema pia kwamba msafiri mwenye maji machache, akiwa na mnyama anayeheshimika aliye na kiu, amnyweshe mnyama huyo na yeye atayamamu kwa udongo. Wanyama wanaotolewa katika heshima hiyo ni kama nguruwe na mbwa mkali anayeng'ata watu. Mbwa asiye na madhara na mwenye manufaa anabaki ndani yake. Uzito wa hukumu hii ni mkubwa. Udhu ni sharti la swala, na swala ni nguzo ya dini. Hata hivyo maji ya udhu yanamwendea mbwa, na mwanadamu anabaki na vumbi mikononi. Wanazuoni hao hao walioagiza chombo kioshwe mara saba hawakuona mgongano wowote. Unajisi kwao ni hukumu inayoongoza ibada ya mtu, inamwambia aoshe nini na aswali wapi. Haukuwa kipimo cha thamani ya mnyama, wala hautoi ruhusa ya kumpiga mawe.

Yanayounga mkono fikra hii yamejaa katika maandiko ya msingi. Qurani inamtaja mbwa wa Watu wa Pangoni akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini, na katika kuhesabu idadi ya vijana hao waliokimbilia pangoni yeye naye anahesabiwa. Hadithi zinasimulia mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo mbichi kwa kiu, na nyingine zinasimulia mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfunga paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Anayekariri hadithi ya kirati na kuiacha ya mbwa mwenye kiu amechukua nusu ya dini katika suala hili, tena nusu isiyomgharimu chochote.

Katika karne ya 13, Izzuddin bin Abdissalam, mwanazuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwanadamu: alishwe na kunyweshwa hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na manufaa tena, asibebeshwe asichoweza, asiwekwe pamoja na wanyama watakaomuumiza, na mahali pake pa kulala na kunywa patunzwe. Kinachovutia ni namna alivyolipanga jambo: hizi ni haki za mnyama, na mtu ndiye mdaiwa. Zaidi ya miaka mia tano baadaye, mwanafalsafa Immanuel Kant aliwafundishia wanafunzi wake mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu hadi uzeeni. Kant alisema mbwa huyo atunzwe hadi kufa, lakini akaongeza kwamba wajibu huo kwa kweli ni kwa wanadamu, kwa sababu anayezoea ukatili kwa mnyama ataufanya na kwa watu. Jeremy Bentham, mwaka 1789, alikuwa na njia fupi zaidi: cha kuuliza ni kama kiumbe anaweza kuumia, basi. Kati ya watatu hawa, msimamo wa Izzuddin ndio unaofaa zaidi kwa mbwa wa nyumbani, kwa kuwa unajibu jambo ambalo wale wengine wanaliacha: kwa nini mtu fulani, na siyo mwingine, anadaiwa na mbwa fulani. Anadaiwa kwa sababu anamiliki na kuzuia. Mbwa aliye ndani ya geti hawezi kwenda kwingine.

Mwanafalsafa Clare Palmer, katika kitabu alichokitoa mwaka 2010, aliipeleka hoja hii mbele kidogo. Kwa maoni yake, mnyama wa mwituni hatudai msaada wetu kila anapopata shida, lakini mnyama ambaye wanadamu wamemfanya awe tegemezi anatudai, kwani utegemezi wake umetoka kwetu. Hapo manyoya yanakuwa deni. Poodle hakujitakia manyoya yanayosokotana na kuvuta ngozi mpaka inatoka vidonda. Kuna wanaojibu kwamba bila uzalishaji huo Poodle huyu asingekuwapo kabisa, kwa hiyo hana la kulalamikia. Jibu hilo halitoshi. Aliyeleta kiumbe duniani hawezi kutumia uhai wenyewe kama risiti ya kufuta madai yote yanayofuata. Kama ingekuwa hivyo, hakuna mzazi angedaiwa matunzo. Gary Francione, mwanasheria wa Marekani, amefika upande wa pili kabisa: wanyama wa kufugwa waliopo watunzwe, lakini uzalishaji ukomeshwe. Mtu anaweza kukataa hitimisho lake na bado akakubali kwamba anayelipia mtoto wa mbwa mwenye magoti mabovu anaagiza mwingine wa namna hiyo azaliwe.

Suala la pesa lina upande wa kidini pia. Hadithi inakataza kuchukua bei ya mbwa, na Mashafi kwa msingi huo wanaona kuuza mbwa hakusihi. Mbwa anaweza kutolewa bure, au mtu akaachia haki yake juu ya mbwa huyo. Mahanafi wanaruhusu kuuza. Kwa upande wa Wakatoliki, Katekisimu ya mwaka 1992 inasema wanadamu wanadaiwa wema kwa wanyama, halafu inaonya dhidi ya kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepasa kuondoa taabu za watu. Onyo hilo lina maana pale ambapo bei ya mtoto mmoja wa mbwa inapita ada ya shule ya mtoto wa mlinzi wa geti. Hata hivyo lisitumiwe kumnyima chakula mbwa ambaye tayari yupo nyumbani. Lizingatiwe kabla ya kununua.

Kwa hiyo kuchagua ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya uamuzi wa kimaadili, na hali ya hewa ndiyo ya kwanza kutazamwa. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Tezi zake za jasho ziko hasa kwenye nyayo, na anapoza mwili kwa kutweta, yaani kwa kuvukiza unyevu wa ulimi na njia ya hewa. Uvukizaji huo unahitaji hewa kavu. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zina joto pamoja na unyevu mwingi, na Samoyed anayetweta huko saa saba mchana anafanya kazi kubwa kwa faida ndogo. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi. Likipita 41 uhai wake uko hatarini. Nairobi, Limuru, Arusha na Lushoto ziko juu na zina ubaridi, na mbwa wa matabaka mawili anaweza kuishi vizuri huko. Katika miji ya Ghuba mbwa wa theluji hufungiwa ndani kwenye kiyoyozi kwa miezi mingi ya mwaka, na hutolewa nje alfajiri au usiku tu. Kitu kinachowezekana kwa umeme hakijawa halali ya dhamiri kwa sababu hiyo pekee: umeme ukikatika, anayeteseka ni mbwa.

Kwa mkazi wa pwani anayetaka mbwa laini, mwenye manyoya ya tabaka moja yanayokatwa mafupi anafaa zaidi kuliko mwenye matabaka mawili. Suluhisho la kumnyoa spitz hadi ngozini, linalopendwa na wengi, lina hasara zake: manyoya yanaweza yasiote tena yalivyokuwa, na ngozi iliyokuwa imefichwa inaachwa wazi kwa jua. Kabla ya kumchukua mtoto wa mbwa, ni vema kumwona mama yake na mahali wanapolala. Mzalishaji anayekataa kumwonyesha mama ameshatoa habari ya kutosha. Na mbwa koko wapo, wenye miili iliyozoea nchi hii, na baadhi yao wana manyoya marefu ya kuvutia. Anayemchukua mmoja wao anamwondolea taabu kiumbe aliyekwisha kuwapo bila kuagiza mwingine azaliwe.

Matunzo ya kila siku ndiyo ulipaji wa deni lenyewe. Poodle au Maltese mwenye manyoya marefu anahitaji kuchanwa kila siku, hasa nyuma ya masikio, kwapani na mapajani, ambako usokotaji huanza. Spitz anatosheka na mara mbili au tatu kwa wiki, na zaidi wakati wa kupukutika. Manyoya mazito huficha mambo. Kupe hujificha ndani ya masikio na kati ya vidole, na kupe wa kahawia wa mbwa hueneza maradhi ya damu yanayoua. Yuko pia nzi anayetaga mayai kwenye mchanga na nguo mbichi, ambaye funza wake hupenya ngozi. Kwa mbwa mwenye nywele fupi uvimbe wake unaonekana mara moja, kwa mwenye manyoya mengi unaweza kukaa siku nyingi bila mtu kujua. Kwa hiyo vidole vinapaswa kupita chini ya manyoya, mwili mzima, kila siku. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa tangu umri wa miezi mitatu na kurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huo hutokana na mbwa, na hapa haki ya mbwa na haki ya jirani zinakutana kwenye sindano moja. Wajibu wa matunzo umo pia katika sheria za nchi: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama.

Familia ya Kishafi inayotaka kutimiza yote mawili, tohara na matunzo, inaweza kupanga nyumba: chumba cha swala kisichoingiliwa na mbwa, mlango ukiwa umefungwa, vyombo vyake vya kulia vikae mbali na vya jikoni, nguo maalumu ya kuvaa wakati wa kumwogesha na kumchana, inayovuliwa kabla ya swala, na baraza yenye kivuli na upepo ambako mbwa atakuwa karibu na watu. Mbwa ni mnyama wa kundi, naye huumia kwa kutengwa. Kizingiti, ambako Qurani ilimweka yule mbwa wa Pangoni, ni mahali panapofaa kuliko ua wa nyuma usiopitwa na mtu.

Linabaki suala la mtu anayeshindwa kuendelea. Minhaji ya Nawawi, kitabu kilichosomeshwa kwa karne nyingi pwani, inamlazimisha mwenye mnyama asiyeliwa kumlisha au kumuuza, na wafafanuzi wanaongeza kwamba kumwachia ajitafutie malisho na maji kunatosha, mradi anavyovipata vinamtosheleza. Kwa mbwa wa manyoya mengi sharti hilo halitimii. Mbwa koko akifunguliwa geti anaweza kujua jaa liko wapi na jinsi ya kuvuka barabara. Shih Tzu aliyetupwa mtaani, baada ya majuma machache, haoni mbele kwa manyoya, amejaa kupe na ngozi imechanika chini ya mafundo. Chakula si haja yake pekee, kwani mikono ya mtu ni haja yake nyingine. Kwa Mshafi kumuuza hakupo pia. Njia inayobaki ni kumkabidhi kwa mtu aliye tayari kumtunza. Mbwa wadogo wa namna hii huishi miaka 12 hadi 15, na mara nyingi zaidi. Mzee wa miaka 70, au mfanyakazi mwenye mkataba wa miaka miwili katika mji wa ugenini, anapaswa kuwa na jina la mpokeaji huyo, na kukubaliana naye, kabla mbwa hajavuka mlango.